Kuzamia Karibiani mwaka 2022 kutokea Tanga: tupitie wapi, na aliyeugua UVIKO azamie?

Mzamiaji wa Raskazone
Tanga, 5 Desemba 2021

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kwa heshima zote. Mimi na wenzangu watatu, sote wakazi wa Tanga na sote wenye vyeti vya kuzamia kwa mitungi, tunakusudia kwenda kuzamia Karibiani mwezi Julai 2022. Mwezi huo hatukuuchagua kwa kuupenda. Ndio wakati ambao kusi huvuma kwa nguvu, maji ya kwetu ya Karange na Maziwe huchafuka, wageni wa boti hupungua, na mwajiri hutoa ruhusa bila kunung'unika.

Tatizo ni kwamba kila tukikaa kupanga, masharti ya nchi za watu hubadilika kabla hatujamaliza kuandika bajeti. Tarehe 26 Novemba Shirika la Afya Duniani liliipa aina mpya ya kirusi jina la Omikroni, na siku hiyo hiyo nchi za Ulaya zikaanza kusimamisha ndege kutoka Afrika Kusini na jirani zake. Tanzania haimo katika orodha hizo kwa sasa, lakini Msumbiji na Malawi, ambazo tunapakana nazo, zimo, na sioni sababu ya kuamini kwamba sisi tutasalimika mpaka Julai.

Naomba ushauri katika mambo haya. Tumekuwa tukisita kati ya Cozumel ya Mexico, Bonaire, Belize na Jamaika, na kila mmoja wetu ana kisiwa chake anachokipigania. Dada yangu anaishi Rotterdam na amejitolea kutukaribisha siku chache wakati wa kurudi, kwa hiyo Uholanzi ingetufaa kama kituo. Watatu kati yetu tumechanja chanjo ya Janssen na mmoja amechanja Sinopharm. La mwisho, ambalo ndilo linaloninyima usingizi, ni kwamba mwenzetu mmoja aliugua UVIKO-19 mwezi Julai mwaka huu, akalazwa na kuwekewa oksijeni. Sasa anatembea, anafanya kazi na anasema yuko mzima kabisa, lakini hajarudi majini tangu wakati huo. Je, tumhesabu katika safari au la?

---

Baharia Mstaafu, Chumbageni
5 Desemba 2021

Kijana wangu, mnaanzia mwisho wa safari. Mnabishana kuhusu visiwa wakati kisiwa ndicho kitu rahisi kuliko vyote katika mpango huu, kwa kuwa matumbawe yapo kote huko. Kinachopaswa kubishaniwa ni viwanja vya ndege mtakavyopitia, kwa sababu kila kiwanja ni serikali nyingine yenye uwezo wa kubadilisha masharti yake usiku mkiwa mmelala. Hesabuni serikali hizo, kisha chagueni njia yenye chache zaidi.

Anzeni kuondoa Miami. Marekani haina utaratibu wa abiria wa kigeni kuunganisha ndege bila kuingia nchini, hivyo hata ukikaa pale saa mbili tu utapita uhamiaji na utahitaji viza. Tangu tarehe 8 Novemba mgeni anayeingia kwa ndege anatakiwa awe amekamilisha chanjo, na kuanzia kesho, tarehe 6, kipimo chake kinatakiwa kisizidi siku moja kabla ya kuondoka. Mtu anayetoka Tanga, apande basi mpaka Dar es Salaam kupitia Segera na Chalinze, apimwe, asubiri majibu, kisha awahi ndege, ataona mwenyewe kwamba siku moja ni muda finyu mno.

London nayo iondoeni. Jamaika na Barbados zinaweza kuonekana rahisi kwa sababu ni wenzetu wa Jumuiya ya Madola na hazina usumbufu mkubwa wa viza kwa pasi yetu, lakini njia ya kawaida ya kuzifikia ni kupitia Uingereza au Marekani, na Uingereza humdai Mtanzania viza hata kama anapita tu. Isitoshe, Uingereza ilitufungia mlango Januari mwaka huu na haikututoa katika orodha yake nyekundu mpaka Oktoba. Wakazi wake waliorudi kutoka nchi za orodha hiyo walilazimika kujifungia hotelini siku 10 kwa gharama zao, pauni 1,750 na baadaye pauni 2,285 kwa mtu mzima mmoja. Sasa orodha imefufuliwa, na jana wametangaza kuiongeza Nigeria, ambayo haipakani na Afrika Kusini kwa upande wowote.

Zinabaki njia mbili za maana. Ya kwanza ni Dar es Salaam, Istanbul, kisha Mexico. Mexico ni nchi ya pekee katika jambo hili, kwani tangu janga lianze haijawahi kumdai anayeingia kwa ndege kipimo wala karantini, na mwenye viza hai ya Marekani, Uingereza au nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, haombi viza ya Mexico tena. Wengine huusifu ulegevu huo. Mimi naupima kwa jicho la pili, maana nchi isiyompima anayeingia ndiyo nchi ambayo mnaweza kuambukizwa siku moja kabla ya kurudi. Kuna pia hali ya hewa: msimu wa vimbunga wa Atlantiki huanza tarehe 1 Juni na kumalizika tarehe 30 Novemba, na Cozumel imo njiani. Kimbunga Wilma kiliipiga Oktoba 2005, na mwaka jana, mwaka uliovunja rekodi kwa dhoruba 30 zilizopewa majina, Delta ilitua pwani ya Yucatán mwezi Oktoba. Julai si kilele cha msimu, lakini nanyi hamna fedha ya kupoteza.

Njia ya pili ni Dar es Salaam, Amsterdam, Bonaire, kwa shirika moja la ndege, KLM, na tiketi moja. Bonaire iko kusini kabisa, karibu na pwani ya Venezuela, nje ya njia ya kawaida ya vimbunga. Hapo serikali mnazoshughulika nazo ni mbili tu, ya Bonaire na ya Uholanzi, na zenyewe ni ndugu: tangu tarehe 10 Oktoba 2010 Bonaire ni manispaa maalumu ya Uholanzi. Kura yangu iko hapo.

Angalizo moja kuhusu kwa dada yako. Bonaire ni sehemu ya Ufalme wa Uholanzi lakini haimo katika eneo la Schengen, na viza ya visiwa hivyo ina utaratibu wake tofauti na ule wa Ulaya. Mkipewa viza ya Schengen ya kuingia mara moja, mkaitumia wakati wa kwenda kwa kutoka nje ya kiwanja cha Schiphol cha Amsterdam, mkienda Bonaire mtakuwa mmeshatoka Schengen na viza imekwisha kazi, na hapo dada atawapungia mkono kupitia kioo. Ama mpite Schiphol bila kutoka wakati wa kwenda, ama muombe viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Suala la viza mbili hizo ulizeni ubalozi wa Uholanzi pale Dar es Salaam, kwa maandishi, na jibu lao mlihifadhi.

---

Tabibu wa Bagamoyo
6 Desemba 2021

Nimefurahi kwamba ndugu mwuliza swali ameliweka suala la mwenzao aliyeugua, ingawa ameliweka mwisho. Mzee wangu wa Chumbageni amesema mjadala uanze na viwanja vya ndege. Mimi kwa heshima nasema uanze na kifua cha huyu bwana, kwa kuwa yeye akishindwa kuzamia, hesabu ya watu wanne mnayoipangia bei haipo tena.

Naomba nieleze kwa nini. Mzamiaji akiwa mita 10 chini ya maji, shinikizo linalomzunguka ni mara mbili ya lile la juu, na hewa anayoivuta kutoka kwenye mtungi huja kwa shinikizo hilo hilo. Anapopanda, hewa iliyomo mapafuni hupanuka, na kutoka mita 10 mpaka juu ujazo wake huongezeka mara mbili. Pafu zima huitoa hewa hiyo kwa kupumua tu. Pafu lililoachwa na makovu, au lenye njia ndogo za hewa zilizoziba, linaweza kunasa hewa mahali fulani, na hewa iliyonaswa hupasua kama pulizo lililojazwa kupita kiasi. Hewa hiyo ikiingia katika mishipa ya damu na kufika kwenye ubongo, mtu hupooza au hufa, na hilo hutokea hata kwa mzamiaji aliyefuata kanuni zote za kupanda taratibu. Vilevile UVIKO-19 inaweza kuugusa moyo, na kuogelea dhidi ya mkondo ukiwa umebeba vifaa ni kazi kubwa kwa moyo ambao haujapona.

Kwamba anatembea na kufanya kazi ni habari njema, lakini si kipimo. Mwaka 2020 jumuiya za Ulaya za tiba ya uzamiaji na tiba ya oksijeni kwa shinikizo zilishauri kwamba aliyepimwa akakutwa na maambukizi bila dalili asubiri angalau mwezi mmoja, aliyekuwa na dalili angalau miwili na ikiwezekana mitatu, na aliyelazwa kwa matatizo ya mapafu asubiri angalau mitatu, tena asirudi majini kabla ya kupimwa uwezo wa mapafu, kupimwa kwa mazoezi huku kiwango cha oksijeni katika damu kikifuatiliwa, na kupigwa picha ya kina ya kifua. Mwenzenu ameshavuka muda huo. Hajavuka vipimo.

Fomu ya afya ya wazamiaji inayotumika duniani ilifanyiwa marekebisho mwaka huo huo wa 2020, na sasa inauliza waziwazi kama mtu amewahi kuugua UVIKO-19. Akijibu kweli, kituo cha kuzamia kitamtaka cheti cha daktari. Akidanganya, bima yake itakuwa karatasi tu siku atakapoihitaji. Namshauri afanyiwe vipimo hivyo Dar es Salaam mwezi Januari au Februari, kabla ya mtu yeyote kulipa nauli, na daktari atakayemsoma aambiwe kwamba shughuli yenyewe ni kuzamia kwa mtungi. Cheti kinachosema "anafaa kwa kazi" hakitamsaidia.

Kuhusu chanjo: Janssen imeidhinishwa na Shirika la Afya Duniani na pia na Shirika la Dawa la Ulaya. Sinopharm imeidhinishwa na Shirika la Afya Duniani lakini si na lile la Ulaya, na nchi hutofautiana katika kuipokea, kwa hiyo huyo mmoja ndiye atakayesoma masharti kwa makini kuliko wengine. Hakikisheni majina kwenye vyeti vya chanjo yanalingana na ya pasi herufi kwa herufi. Chukueni pia kadi ya homa ya manjano, hasa kama tiketi itawalaza Nairobi au Addis Ababa.

---

Binti Pangani
6 Desemba 2021

Nawasalimu nyote, na wakubwa shikamooni. Huenda nikaonekana mharibifu wa sherehe, lakini naona hakuna aliyeuliza kama safari hii ina ulazima wa kufanyika 2022. Watu wanne kutoka Tanga watatumia akiba ya muda mrefu kwenda mahali ambapo huenda wakafungiwa chumbani kwa sababu ya pamba iliyoingizwa puani. Fedha hiyo hiyo ingewapeleka Pemba na Mafia, ambako hakuna uhamiaji, hakuna kipimo, na matumbawe ni ya aina nyingi kuliko ya Karibiani. Hilo la mwisho ni jambo linalojulikana kwa wanaosoma bahari, kwamba Bahari ya Hindi na Pasifiki kwa pamoja zinaishinda Atlantiki mbali sana kwa idadi ya spishi za matumbawe na samaki wa miambani. Wazungu huja kwetu kwa sababu hiyo.

Jambo la pili ni la utu. Kisiwa kidogo kina hospitali ndogo. Mgeni anayeugua huko anachukua kitanda cha mwenyeji. Sisi wa pwani tunaoishi mbali na hospitali kubwa tunapaswa kulielewa hilo kuliko mtu yeyote.

---

Mzamiaji wa Raskazone
8 Desemba 2021

Shukrani nyingi. Mzee, shikamoo, na hoja ya njia tumeipokea; Jamaika na Belize zimefutwa jana usiku, na aliyekuwa akiipigania Cozumel amesalimu amri baada ya kusikia habari za vimbunga. Tabibu, mwenzetu amekubali kupimwa, ingawa alinuna kidogo.

Dada wa Pangani, hoja yako ya pili imetuingia kuliko ya kwanza. Kuhusu ya kwanza, Pemba na Mafia tunazijua na tutazirudia tukijaliwa. Bonaire tunataka kuiona kwa sababu ya kazi yetu: kisiwa kizima kimeizunguka bahari yake kwa hifadhi moja na kinaishi kwa uzamiaji, wakati sisi hapa Tanga tuna hifadhi ya bahari, ile ya Silikanti, tangu 2009 na bado tunahangaika na kelele za baruti za wavuvi haramu. Tungependa kujua wanafanyaje.

Naomba sasa mtu aliyewahi kufika huko atueleze mambo yanavyokwenda, na atusaidie kupanga siku za mwisho, kwa sababu sielewi mtu anapimaje PCR, kile kipimo cha UVIKO, anazamia, na anapanda ndege bila mambo hayo kugongana. Pia naomba kufahamishwa kuhusu bima.

---

Mvuvi Msomi, Kigombe
9 Desemba 2021

Nilisoma Uholanzi miaka iliyopita na nikabahatika kuzamia Bonaire kabla ya janga, kwa hiyo nitaeleza yale ambayo hayabadiliki na kugusa kidogo yale yanayobadilika.

Hifadhi ya bahari ya Bonaire ilianzishwa 1979 na inakizunguka kisiwa chote pamoja na kile kidogo kisicho na watu, Klein Bonaire, kuanzia pale maji kujaa yanapofikia mpaka kina cha mita 60. Lakini kazi ilianza mapema zaidi: kuwinda samaki kwa mkuki chini ya maji kulipigwa marufuku 1971, na kuvunja au kuchukua matumbawe 1975. Mmoja wa waliolisukuma jambo hilo alikuwa Don Stewart, Mmarekani aliyefika kisiwani 1962 na kupigania maboya ya kufungia boti ili nanga zisiangushwe juu ya matumbawe. Kila mzamiaji hulipa ada ya hifadhi, na ada hiyo ndiyo inayolipa walinzi. Kabla ya kuzamia popote unakaa kusikiliza maelezo ya kanuni, kisha unafanya mzamo wa kwanza wa kujipima mbele ya kituo. Glavu haziruhusiwi, kwa hoja kwamba asiye na glavu hashiki kitu. Nililipenda sharti hilo kuliko yote, kwa sababu halimhitaji askari.

Kilicho bora kwenu, na hasa wakati huu wa janga, ni kwamba sehemu kubwa ya uzamiaji wa Bonaire hufanywa kutoka ufukweni. Mnakodi gari aina ya pikapu, mnapakia mitungi, mnaendesha kando ya bahari mkiangalia mawe yaliyopakwa rangi ya njano yenye majina ya vituo, ambavyo kwa jumla ni zaidi ya 80. Mnaegesha, mnavaa, mnaingia majini kwa miguu. Hakuna boti ya watu 20 waliobanana wakivua barakoa pamoja. Watu wanne waliochanja, wanaolala nyumba moja na kutumia gari moja, wanaweza kumaliza safari nzima wakiwa karibu na wageni wengine kwa nadra sana, na hilo kwa kiasi fulani linajibu hoja ya dada wa Pangani kuhusu hospitali. Msiikose Hilma Hooker, meli ya mizigo iliyokamatwa na shehena ya bangi na kuzama Septemba 1984. Imelala ubavu katika kina cha takriban mita 30. Kituo kiitwacho 1000 Steps kisiwatishe, ngazi zake hazifiki hata 100, ingawa ukizipanda na mtungi mgongoni utaelewa jina lilikotoka.

Chukueni miwani yenu, regyuleta zenu za kuvutia hewa ya mtungi, na kile kipande cha mdomoni cha akiba. Desturi ya kutema mate kwenye kioo cha miwani muiache nyumbani. Tone la shampuu ya watoto linafanya kazi ile ile. Na mazoezi ya kupeana hewa yafanyeni ninyi kwa ninyi, kila mmoja na kipande chake.

Kuna janga jingine ambalo hamkulitaja. Tangu 2014, karibu na Miami, kumekuwa na ugonjwa unaoua nyama ya matumbawe magumu kwa kasi ya kutisha, na umefika Jamaika na Mexico mwaka 2018, kisha Belize 2019 na Visiwa vya Cayman 2020. Kufikia sasa, Desemba 2021, Bonaire bado haujaripotiwa. Kwa hiyo suti, jaketi la kuelea na viatu vilivyotumika penye ugonjwa havipaswi kuingia maji ya Bonaire bila kuoshwa kwa dawa. Ninyi mnatoka bahari nyingine kabisa, lakini osheni vilevile na vikauke kabisa kabla ya kufungasha. Karibiani imekwisha kuonja mgeni kutoka kwetu. Yule samaki mwenye mapezi marefu kama manyoya na miiba ya sumu, tunayemwona kila siku kwenye miamba ya Tanga bila kumjali, kule ni mvamizi anayemaliza samaki wadogo, alifika Bonaire 2009, na wapo wazamiaji wenye kibali maalumu cha kumchoma mkuki licha ya ile sheria ya 1971.

Sasa siku za mwisho. Wazamiaji waliozamia siku kadhaa mfululizo wanashauriwa wasipande ndege kabla ya saa 18 kupita tangu mzamo wa mwisho, ili naitrojeni iliyoyeyuka mwilini itoke taratibu. Mimi hushauri saa 24, na Julai hii nasisitiza. Fanyeni mzamo wa mwisho asubuhi ya siku mbili kabla ya ndege. Siku moja kabla ya ndege iwe ya nchi kavu, na ndiyo siku ya kupimwa, ikiwa masharti ya wakati huo bado yatadai kipimo. Hapo saa za naitrojeni na saa za PCR zinakwenda pamoja bila kugongana. Kumbukeni kwamba Tanzania nayo imekuwa ikimdai anayeingia cheti cha kipimo tangu Mei mwaka huu, pamoja na kipimo cha haraka kiwanjani, kwa hiyo siku mtakazokaa Rotterdam zinaweza kukifanya kipimo cha Bonaire kiwe kimepitwa na muda, na mkalazimika kupimwa tena Uholanzi. Wekeni fedha ya vipimo viwili. Siku hiyo ya nchi kavu nendeni kusini kwenye mashamba ya chumvi mkavione vibanda vya mawe vya watumwa, vilivyojengwa 1850. Ni vidogo kiasi kwamba mtu huingia kwa kuinama, na aliyekulia karibu na Bagamoyo hahitaji kuelezwa zaidi.

Bima ni mbili, msizichanganye. Bima ya ajali za kuzamia, mfano ile ya DAN (Divers Alert Network), shirika la usalama wa wazamiaji lililoanza 1980 na ambalo lina ofisi inayohudumia kusini mwa Afrika, hulipia matibabu ya ajali ya majini na kusafirishwa kwenda penye chemba ya shinikizo, chumba cha kumtibia mzamiaji aliyedhuriwa na shinikizo. Bonaire ina chemba yake, jambo ambalo sisi wa Tanga, tunaotegemea ile ya Unguja, tunaweza kuwaonea wivu. Bima hiyo haiwarudishii nauli kwa sababu kipimo kimetoka chanya. Kwa hilo mnahitaji bima ya safari inayotaja UVIKO-19 kwa jina, na ndani yake mtafute mambo mawili: inalipia malazi ya karantini au la, na inasema nini juu ya kuzamia, maana nyingi huweka kikomo cha kina au huondoa uzamiaji kabisa.

---

Baharia Mstaafu, Chumbageni
19 Desemba 2021

Marahaba, kijana. Narudi kwa sababu mambo yamebadilika tangu tulipozungumza, na mabadiliko yenyewe yanafaa kuwekwa hapa. Tarehe 15 Uingereza iliziondoa nchi zote 11 katika orodha yake nyekundu, ikiwemo Nigeria iliyowekwa wiki moja na nusu tu iliyopita. Jana usiku Uholanzi imetangaza kufunga maduka yasiyo ya lazima na migahawa kuanzia leo mpaka katikati ya Januari, na shule pia zinafungwa. Yaani mlango mmoja umefunguliwa na mwingine umefungwa ndani ya siku nne, na hakuna aliyeyabashiri yote mawili.

Sioni kwamba hili linaua mpango wa Julai. Linaonyesha tu mpangilio wa malipo. Viza kwanza, kwa kuwa ada yake ni ndogo ukilinganisha na nauli. Vipimo vya kifua cha mwenzenu vifanyike wakati huo huo. Nyumba na gari mziwekee nafasi kwa wenyeji wanaokubali kurudisha fedha mkighairi, na jibu hilo mlipate kwa maandishi. Nauli iwe ya mwisho, mwezi Aprili au Mei, na iwe tiketi inayobadilishwa tarehe bila faini hata kama ni ghali zaidi. Tofauti hiyo ya bei ihesabuni kuwa ni bima ya tatu. Wekeni pia fungu la kukaa karantini siku 10 kwa watu wawili, kwa sababu mmoja akiugua hamtamwacha peke yake ugenini. Kama fungu hilo haliwezekani, basi ushauri wa Binti Pangani ndio wenu kwa mwaka huu, na Pemba Julai upande wa magharibi ina maji tulivu kuliko mnavyodhani.

---

Mzamiaji wa Raskazone
20 Desemba 2021

Tumekaa jana jioni, tukapiga hesabu upya pamoja na fungu la karantini. Linawezekana ikiwa tutapunguza siku za kisiwani na kupika wenyewe. Vipimo vya mwenzetu vimepangwa wiki ya pili ya Januari. Akiambiwa asizamie, amesema atakuja hivyo hivyo kama dereva wa pikapu, na tutamhesabia nusu ya gharama za mitungi. Barua ya kuuliza habari za viza mbili imekwenda ubalozini leo asubuhi. Jibu likija nitaliweka hapa, kwa kuwa naamini si sisi peke yetu tunaolihitaji.